Nusu ya Mdogo Wangu

Mimi kinyaa sijui kukificha, chote kinanijaa usoni. Siku ile kilinijaa nikiwa nimeshika mlango wa friji.

Mume wangu Mwandu ana pumu tangu utotoni. Daktari wa hospitali kubwa alitueleza taratibu: mwilini mwake kuna protini zinazopeleka taarifa kwamba adui kaingia, na kwake hazinyamazi hata adui akiwa hayupo. Kila zikipiga kelele, njia za hewa zinavimba, na kuta zake zinazidi kunenepa na kukakamaa. Zikishakakamaa hazirudi. Sindano wanayoifanyia utafiti, ambao Mwandu naye kaingizwa, inazinyamazisha mapema. Moja kila mwezi, ikae kwenye friji, na ukiruka hata moja unatolewa kwenye utafiti. Mimi nikafundishwa kumchoma.

Sasa shemeji yangu Malale, kaka mkubwa wa Mwandu, akaja kututembelea hapa Makanyagio kutoka Magamba anakochungia. Ng'ombe wake huwachoma dawa mwenyewe, na sindano ikitoka kwa huyu inaingia kwa yule. Tukiwa tunakula, Mwandu akamsimulia habari za dawa mpya ya mapafu. Malale akatafuna, akameza, akauliza kama ina nguvu. Ningejua ningelala nimeikumbatia hiyo friji.

Asubuhi aliondoka bila kuaga. Kesho yake akarudi, anacheka peke yake.

Siku ya kuchoma ilipofika nikafungua friji. Sindano ipo, lakini dawa imebaki nusu. Kwenye ncha pana manyoya meusi yamegandiana na damu, na imelazwa juu ya kifuniko cha maziwa ya watoto. Nikaitoa kwa ncha za vidole.

"Shemeji, hii nini?"

"Dume langu lilikuwa linakohoa," akasema, huku anachokonoa meno. "Nimelichoma nusu tu. Hiyo iliyobaki ni ya mdogo wangu. Mimi siyo mchoyo."

Yaani alikuwa anasubiri nimshukuru. Nikamtazama lile jino analolichokonoa nikaona hata chai yangu asiinywe tena.

Nikamgeukia Mwandu aseme neno. Kifua chake kilikuwa kinapiga mluzi tangu alfajiri, na bado alikuwa anapandisha shati.

"Nichome tu, Mama Kulwa," akasema. "Kaka hakuwa na nia mbaya."

Nikatoka na ile takataka mpaka chooni, nikaitupa shimoni. Niliporudi nikawaambia nyie wote wawili mnanitia kichefuchefu, na utafiti ndiyo umeishia hapo.

Malale akanuna, akageukia ukutani. Mwandu akashika ukingo wa meza, akavuta pumzi, ikamkatalia, akavuta tena. Nikadhani anataka maji, nikamshikia kikombe. Kumbe alikuwa anakusanya pumzi ya kumwomba kaka yake radhi kwa ajili yangu.