Mashine Aliyokuja Nayo Wifi

Nilichoka kabla sijaanza kukimbia. Nalisema hilo mapema, maana watu wakiisikia habari yangu huanza kunisifu. Nafundisha darasa la tatu katika shule ya binafsi hapa Lahore, nasimama saa sita kwa siku, na nikirudi nyumbani viatu havitoki mpaka nivivute kwa mikono miwili. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na mitano, Januari natimiza ishirini na sita, na kwa umri huo polisi hawakuchukui tena. Sare ile naitamani tangu utotoni. Mbio zao kwa wasichana ni kilomita moja nukta sita kwa dakika kumi. Ukichelewa, unarudi kwenye chaki zako, na mimi nisingekuwa na mwaka mwingine wa kujaribu.

Nje hakukukimbilika. Ukungu wa moshi uliteremka mwezi wa kumi, bustani zikafungwa. Na hata zingekuwa wazi, msichana akikimbia mtaani kwetu kila mwenye duka atatoka kuuliza anafukuzwa na nani. Ikabaki mashine ya wifi yangu.

Wifi yangu ni Nighat, mke wa kaka. Alipoolewa baba yake alimleta na friji, kabati, vitanda, na juu ya yote mashine ya kukimbilia, iliyotoka Amerika ndani ya kontena la mitumba. Mzee aliifunga nailoni upya ionekane mpya, na nailoni ile ilikuwa haijavuliwa mwaka wa nne sasa, kwa sababu Nighat alisema kuivua ni kuizeesha. Vitufe tulibonyeza juu ya nailoni. Ilikuwa imeshageuka rangi ya chai, huoni kitu isipokuwa namba nyekundu zinazowaka. Umeme wetu haipatani nao, kwa hiyo ina transfoma lake pembeni linalonguruma. Miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kuanikia nguo.

"Usikimbie kichwakichwa," Nighat aliniambia siku ya kwanza, akiondoa shalwari, suruali pana za kaka, juu ya mashine. "Utanifia hapa, halafu nionekane mimi nimekuua. Kuna programu za simu za watu wasiojua kukimbia. Watu kama wewe."

"Ahsante, wifi."

"Karibu."

Programu ya kwanza ilitafuta setilaiti. Nilikimbia na kutembea nusu saa, jasho linaingia machoni, na simu ikanitangazia kwamba nimekwenda sifuri.

"Inadhani umesimama," alisema Nighat.

"Si kweli nimesimama? Nusu saa yote naliona kabati lilelile."

Ya pili ilihesabu hatua, na ilikuwa ya bwana mmoja mpiga kelele. Kimbia dakika moja! Tembea dakika mbili! Hongera! Nilimpenda, sitaki kudanganya. Mchana kutwa hakuna aliyenipa hongera. Baada ya dakika kumi akaniambia nimefika kilomita moja nukta moja. Nikatazama mashine: sifuri nukta saba.

Nikamwonyesha Nighat. Akatazama simu, akatazama mashine, uso ukamkunjamana.

"Kwa hiyo unasema mashine ya baba yangu inakuibia?"

"Sijasema hivyo."

"Imetoka Amerika hii. Kule watu wanakimbia kweli. Hiyo simu yako inakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa ili ulipie."

Katika nyumba zetu unaweza kumsema mke wa kaka kwa chumvi, kwa usingizi, hata kwa mama yake ukipata ujasiri. Lakini kitu alicholetwa nacho kutoka kwao hakisemwi. Ukikisema, Ijumaa baba yake yuko sebuleni, hanywi chai, anangoja aombwe radhi. Nikamfuta bwana mpiga kelele.

Ya tatu ilikuwa na sauti ya mwanamke mpole, nayo ikanihesabia zaidi ya mashine, karibu sawasawa na yule bwana. Hapo ningeshtuka kama ningekuwa na akili ya kushtuka. Nighat alisema, "Waongo wote shule yao moja," na mimi nikacheka na kuifuta. Ya nne haikuhesabu chochote. Ulikuwa unaiandikia mwenyewe mashine imesema nini.

"Hii ina adabu," alisema Nighat. Tukaichagua hiyo.

Adabu yake niliijua baadaye. Kila jioni nilipoiandikia, ilinijibu kwa maandishi mekundu: Hujafikia lengo. Sifuri nukta nane, hujafikia. Sifuri nukta tisa, hujafikia. Katikati ya Novemba nikaweza dakika kumi bila kutembea hata hatua, kwa mwendo namba sita, mapafu yanawaka, na mashine ikasoma moja. Moja tu. Nilihitaji moja nukta sita.

Pale kwenye moja nikaganda wiki tatu. Jioni moja nilijaribu namba nane, mashine ikanitupa kwenye kapu la nguo. Nyingine umeme ukakatika dakika ya saba, nikakaa chini gizani nikilia, si kwa maumivu, kwa kuchoka. Nilikuwa nimechoka kusahihisha madaftari, nimechoka na ile rangi nyekundu.

"Mume wa dada yangu anakimbia namba kumi kule gym," Nighat alinifariji, "na tumbo lake lile."

Namba kumi! Mimi na sita yangu nilikuwa natapika.

Asubuhi ya mtihani nikasema siendi. Ammi, mama yangu, alikuwa anageuza chapati za roti, hakuinua hata kichwa.

"Kwa nini?"

"Nitashindwa, Ammi. Nimeshapima."

"Basi kashindwe huko huko. Hapa kwangu usinishindie. Kula, kaka yako keshawasha pikipiki."

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, moshi umepungua. Uwanjani tulikuwa wasichana arobaini na namba vifuani, na sajenti mmoja mwanamke mwenye filimbi na saa. Mizunguko minne, alisema. Filimbi ikalia. Miguu yangu ikaingia yenyewe kwenye namba sita, maana haikujua nyingine. Wa kwanza wakaniacha, wengine wakaniacha, halafu baadhi yao nikawakuta wameinama wameshika mbavu. Nilihesabu mizunguko: mmoja, miwili, mitatu. Nilipomaliza wa nne nikamsikia sajenti anaita, "Tisa na arobaini na tano!"

Nikajua nimehesabu vibaya. Dakika kumi hazijaisha na mimi nimemaliza? Mimi? Nikaendelea na mzunguko wa tano.

"We mia mbili na kumi na saba!" sauti ilinifuata. "Unakwenda wapi?"

"Sijamaliza, madam!"

"Umemaliza! Umefaulu! Rudi utie sahihi!"

Sikumwamini. Nilidhani ananihurumia, ananipa njia ya kutoka kwa heshima mbele za watu. Nikakimbia mzunguko mzima nikilia kwa aibu, wasichana wamekaa kwenye majani wananitazama. Nilipofika akanishika mkono, akanionyesha namba yangu kwenye karatasi, na kando yake alama ya tiki.

Nyumbani niliwasimulia. Ammi akasujudu palepale jikoni. Nighat aliinuka, akaitazama mashine yake. Akaenda akaleta mkasi, akapiga magoti mbele ya mashine, akaikata ile nailoni ya baba yake kutoka juu mpaka chini. Kando ya namba, pale tusipowahi kuona kitu, palikuwa na neno dogo jeupe la Kiingereza: miles, yaani maili.

Maili moja ni kilomita moja nukta sita. Nafundisha watoto jambo hilo kila mwaka.

"Unaona?" Nighat alisema polepole, mkasi bado mkononi. "Nilikwambia haisemi uongo." Halafu akaanza kulia kunishinda mimi.

Nikaketi juu ya mkanda wa mashine. Wiki tatu nilikuwa nimeshafika, na kila jioni nilijiandikia kwa mkono wangu kwamba sijafika. Hilo liliniuma kuliko mbavu. Nighat akaja akaketi kando yangu, akanivua viatu, kimoja kimoja, kwa mikono miwili.