Kilichookotwa Miguuni Pake

Watu walimwita Bi Kamera, naye hakuona haja ya kuwaeleza kwamba ana jina. Majina, alisema, yanaharibu picha. Ukishajua huyu ni mama fulani, humwoni tena, unaona ukoo wake.

Kazi yake ilikuwa na mwenendo wake. Alimsimamisha mpita njia asiyemjua, akaomba picha moja, akashukuru. Mtu akishaondoka, Bi Kamera aliinama na kuokota chochote kilichokuwa pale aliposimama: kizibo, kifungo, tiketi iliyokanyagwa. Nyumbani alikibandika chini ya picha kwa gundi isiyo na mchezo, akakitungia mistari miwili ya shairi. Kama kitu kilikuwa na maandishi, alikifuta kwa spiriti mpaka kikawa hakina mwenyewe. Dada yake mshonaji, aliyeishi naye, alimtania: "Wewe mdogo wangu ungekuwa polisi, wezi wangekupenda kweli."

Siku ya maonyesho, ukumbi wa maktaba ulijaa. Picha iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa ya mwanamke aliyesimama kwenye kivuko cha barabara, mkoba wazi begani, akitabasamu kwa shida. Chini yake kulikuwa na kijikanda cheupe cha plastiki, ambacho Bi Kamera alikidhania cha saa ya kuchezea watoto, na mistari yake:

Wenye haraka wapita, yeye amesimama tu,
Saa yake kaikata, hana ahadi na mtu.

Alasiri, mwanamke mwenyewe akaja. Jirani alikuwa amemwambia yuko ukutani. Uso wake pale pichani hata hakuutazama. Aliweka kidole juu ya kile kijikanda.

"Hiki umekipata wapi?"

"Nilikiokota pale pale, dada, ulipoondoka."

"Kilidondoka mkobani. Nilirudi kukitafuta. Nilipekua uchafu wa barabara ile kwa mikono, watu wakadhani nimerukwa na akili. Ni cha mwanangu. Alifungwa nacho mkononi hospitalini, siku aliyozaliwa. Nyumbani hakufika. Picha yake sina, nguo hata moja hakuvaa. Ninacho hicho tu."

Mshonaji, aliyesimama kando ya mdogo wake, alijishika mdomo. Bi Kamera alitoa kisu kidogo mfukoni akaanza kubandua, taratibu, huku akijua fika anachokwenda kumkabidhi. Gundi ilikuwa imeshika barabara. Picha ilichanika mpaka kidevuni, watu wakaguna, hakuwajali.

Mwanamke alikipokea kwa mikono miwili. Akakigeuza. Akakigeuza tena.

"Mbona hakina jina? Nesi alimpa baba yake kalamu, akaliandika mwenyewe."

"Nimelifuta."

"Lilikuwa limechafuka?"

"Hapana. Lilikuwa linasomeka."

"Kwa hiyo ulilisoma."

"Sikulisoma."

Aibu ilimpanda Bi Kamera mpaka masikio yakawaka moto. Miaka yote alijisifu kwamba hamdai mtu jina, akaiita heshima. Sasa alitamani neno moja tu, alijue, alirudishe mahali pake.

"Aliitwa nani, dada? Nitaliandika upya, tafadhali. Nitaliandika vizuri."

Mwanamke alimtazama, naye Bi Kamera akamtazama kwa muda mrefu kuliko siku ile ya kamera.

"Sasa ndiyo unauliza."

Alikifunga kijikanda ndani ya leso, akakitia kifuani, akatoka bila kulitaja.