Kireno cha Mezani

Mwanamke anayehama na watoto na ajiulize jambo moja kabla ya kufunga mzigo: mwanangu akizidiwa, nitaomba msaada kwa lugha gani? Kazija alijiuliza. Alijiuliza akichota maji, akajiuliza akipepeta mchele, na hakupata wa kumjibu, maana siku zile nyumbani kwake Kilwa Kivinje kila mtu alikuwa na shughuli moja tu, kujifunza kuisingizia supu.

Mambo yalianza hivi. Mumewe, Mfaume, alikuwa mfanyabiashara wa sandarusi, mwungwana wa kanzu nyeupe, na kiganja chake kilikuwa laini kama cha bibi harusi. Mdachi akaleta amri ya pamba. Kila mtaa ukapewa shamba, na akida akikutaja jina unakwenda, uwe nani uwe nani. Mfaume akatajwa. Akainama juani kutwa nzima huko njia ya Nangurukuru, akarudi na alama za kiboko mgongoni. Wenzake walichapwa kwa uvivu. Yeye alichapwa kwa sababu aliitwa "Mfaume!" asiitike, akangoja aitwe "Bwana Mfaume".

Kazija alimkanda mgongo kwa maji ya chumvi. Asubuhi, hata uji haujatiwa bakulini, Mfaume akatangaza:

"Tunahama. Tunakwenda Ibo, kwa binamu yangu Ahmadi. Kule ni kwa Mreno."

"Mreno hana kiboko?" Kazija akauliza.

"Mreno ana adabu."

"Umemwona wapi?"

"Adabu ya mtu haingojwi kuonwa, Mama Bakary. Husikika." Akanywa uji. "Lakini hatuendi kama mabubu. Kwanza nyumba nzima tujifunze Kireno. Mimi, wewe, Bakary, hata huyu mdogo."

Huyu mdogo alikuwa Mwahija, mtoto wa miaka mitano, mwenye macho makubwa na ulimi usiotulia. Ndiye aliyemnyima Kazija raha. Mwahija alikuwa na degedege. Homa ikimpanda ghafla, hukakamaa, macho yakageuka, mikono ikarukaruka. Kilwa, Kazija alikuwa na dawa yake: kupiga ukelele. Ukelele mmoja, jirani yake Maftaha huja mbio na mtungi, mwingine na kitambaa, mwingine anamshika mama asianguke, na mtoto anarudi. Sasa huko Ibo, ukelele ataupiga kwa nani? Na akiupiga, ataambatanisha na neno gani?

Alimweleza Maftaha. Maftaha alikuwa mtu wa kucheka kwanza na kufikiri baadaye, lakini akifikiri hafanyi mchezo.

"Shoga, Kilwa hii anatawala nani?"

"Mdachi."

"Haya, niambie chumvi kwa Kidachi."

Kazija akafikiri. Hakuijua.

"Mimi vile vile siijui," Maftaha akasema. "Na kila siku ya Mungu tunakula chumvi. Mwambie mumeo."

Kazija akamwambia. Mfaume akatabasamu, lile tabasamu la mtu anayemsikiliza mtoto akihesabu nyota.

"Maftaha anakutania. Kiswahili, mke wangu, ni cha sisi waungwana wa Kilwa. Watu wa Lindi tumewaazima, wa Mikindani wameokota makombo. Ukishavuka Ruvuma, kimekwisha. Kule yuko Mreno na wako washenzi. Mshenzi nitasema naye nini? Nitasema na Mreno."

Mwalimu akapatikana. Jina lake Yunusu, mtu mwembamba mwenye mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto. Miaka yake ya ujana aliitumia Msumbiji, katika nyumba ya hakimu wa Kireno, na kazi yake ilikuwa kuvuta kamba ya upepeo mkubwa uliotundikwa darini, juu ya meza ya chakula. Hakimu anakula, Yunusu anavuta. Hakimu anasema, Yunusu anasikia. Hivyo Kireno chake kilikuwa safi, cha watu wakubwa, ila kilianzia kwenye supu na kuishia kwenye matunda.

"Lugha hii haifundishiki kwa tumbo tupu," akasema siku ya kwanza. "Sharti chakula kiwepo mezani, maneno yapate pa kushika."

Basi Kazija akawa anapika. Mwalimu anafika na adhana ya adhuhuri, ananawa, anakaa, anaonja supu ya samaki aliyoihangaikia Kazija tangu asubuhi. Anaweka kijiko chini, anakunja uso.

"Asopa shta fria," anasema. "Yaani, supu imepoa. Semeni."

"Asopa shta fria!" Nyumba nzima inaitika, na Mwahija anapaza sauti kuliko wote.

"Inatoka moshi, mwalimu," Kazija anasema kutoka mlangoni.

"Ni somo tu, mama. Tuendelee. 'Mpishi huyu ni mwizi.'"

Wakajifunza kuwa mpishi ni mwizi. Wakajifunza kuwa nyama ni ngumu, mguu unauma, nchi hii ina joto la laana, na mwondosheni mtu huyu mbele yangu. Bakary alishika upesi. Mfaume alishika upesi zaidi, na kila neno likamnyoosha shingo. "Unaona?" alimwambia mkewe. "Haya ni maneno ya mtu mwenye nafasi yake. Hakuna hata moja la kuomba."

"Ndilo nililokuwa nalitaka mimi," Kazija akasema. "La kuomba." Akamgeukia Yunusu. "Mwalimu, nisaidie sentensi moja tu. 'Mwanangu ana degedege, nipeni maji.' Nyingine zote nawaachieni."

Yunusu akatafuna polepole. "Hakimu hakuwa na watoto."

"Maji je? Hakuyanywa?"

"Hapana, mama. Si maji."

Kazija akaelewa, akasema astaghafirullah. "Basi salamu. Watoto wakikutana na mtu mzima wamwambieje?"

Hapo mwalimu akakwama kweli. Miaka yote ile hakimu hakumsalimu hata siku moja, wala hakuna mgeni wa hakimu aliyemsalimu mvuta kamba. Akajibu alichokijua: "Wareno hawasalimiani."

"Mtoto anamkuta mzee, halafu?"

"Anapita."

Kazija akaziba mdomo kwa upande wa kanga. Mfaume akasema hayo ni mambo ya nchi za watu, mwenda ugenini hutii. Lakini Kazija alimfuata mwalimu mpaka barazani, akamzuia njiani na mwiko mkononi.

"Hutoki. Nipe neno moja la kumpunguzia mwanangu joto."

Yunusu akautazama mwiko. "Lipo moja," akasema. "Hakimu alikuwa ananiambia mimi. 'Pusha!' Akilisema, navuta, na joto linapungua."

Kazija akalichukua kama alivyopewa. Akalala nalo, akaamka nalo. Pusha, pusha. Akalifanya hirizi.

Walikuwa waendelee mpaka matunda, lakini habari zikaanza kushuka kutoka bara. Watu wa Likawage walioleta mahindi sokoni walisimulia kwa sauti ya chini kuhusu maji ya dawa, kwamba Umatumbini watu wanayanywa na wanasema risasi ya Mdachi itamwagika kama umande. Askari wakaonekana wengi bomani. Mfaume akasema supu na nyama vinatosha, tuondoke. Maftaha akawasindikiza pwani, akamkumbatia Kazija, akamnong'oneza: "Ukifika, jaribu kwanza ulimi wako."

Chomboni, Mfaume akaweka sheria. "Tukikanyaga Ibo, Kiswahili mwisho. Wasituone watu wa shamba. Atakayefungua mdomo afungue kwa Kireno, na asiye na neno anyamaze."

Walifika mchana, jua la utosi. Safarini maji yalikuwa haba, na Mwahija alikuwa ameanza kuwa na paji la moto. Kazija alimfunga kwa kanga mgongoni, akauhisi mwili ule mdogo ukimchoma kupitia nguo. "Bwana," akaanza kusema. Mfaume akamwekea kidole mdomoni.

Forodhani palikuwa na kibanda cha makuti, na ndani yake Mreno mfupi, masharubu yamelowa jasho, anakula. Nyuma yake alisimama mpishi wake, mzee mwenye kofia ya viua na kitambaa begani. Mreno akaonyesha kasha la wageni kwa uma, akauliza neno.

Mfaume hakulijua lile neno. Lakini alikuwa anayo yake. Akaliweka sawa joho alilovaa juu ya kanzu, akatanua kifua.

"Asopa shta fria," akasema.

Uma ukasimama hewani. Mreno akamtazama, akaitazama supu, akaionja. Kumbe ilikuwa imepoa kweli. Akamgeukia mpishi, uso umewiva. Mfaume alipoona neno lake limefanya kazi upesi namna ile, akaongeza la pili, kwa sauti ya hakimu kabisa: mpishi huyu ni mwizi.

Mreno akainuka, akamtupia mpishi maneno mengi. Na mpishi akamgeukia Mfaume:

"Ewe bwana wa joho! Kukujua sikujui, kunisalimu hukunisalimu. Nimekuibia nini mimi?"

Alisema kwa Kiswahili. Kilikuwa kimepinda hapa na pale, kama mkeka uliokaushwa vibaya, lakini Kazija hakukosa hata neno. Bakary naye alisikia, akamtazama baba yake. Wapagazi waliokuwa wamechuchumaa nje walisikia, wakaanza kunong'ona, na kunong'ona kwenyewe kulikuwa kule kule kwa sokoni Kivinje.

Mfaume akakaza shingo. Kumjibu mpishi, tena kwa Kiswahili, mbele ya Mreno? Akatafuta kilichobaki kichwani, akakuta mguu unauma. Akakisema. Mreno sasa akaona hapa pana mambo: mtu ameshuka chomboni hivi punde, anajuaje ya jikoni kwake? Akaita askari, na askari akamkalisha Mfaume juu ya kasha lake mwenyewe, bunduki imelala magotini.

Hapo ndipo Kazija alipouhisi mgongo wake ukitikisika.

Akaifungua kanga. Mwahija alikuwa amekakamaa, macho yamegeuka, mikono inarukaruka. Kazija akapiga magoti mchangani. Mumewe alikuwa anamtazama kutoka kwenye kasha, macho yamemtoka, kidole kiko mdomoni: usiseme.

"Pusha!" Kazija akalia. "Pusha! Pusha!"

Mpagazi mmoja, aliyezoea kuamriwa avute kwa neno hilo hilo, akaruka, akashika kamba ya kasha alilokalia Mfaume, akaanza kulivuta. Mfaume akapepesuka, askari akafoka, Mreno akacheka. Hakuna aliyeleta maji.

Kilichobaki hakikuwa na fahari. Yule aliyekuwa karibu na mtungi alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyeitwa mwizi na mumewe sasa hivi. Kazija akamwangukia.

"Shikamoo, babu! Mwanangu anakufa! Ana degedege! Nipe maji, babu yangu, ya mume wangu nilipishe mimi!"

Mzee hakungoja aendelee. "Marahaba, mwanangu. Mgeuze ubavu. Usimtie kitu mdomoni. Mvue nguo." Alikuwa amekwisha kuunyakua mtungi wa Mreno na kitambaa cha mezani cha Mreno, akammwagia mtoto maji huku anawafokea waliokuwa wanatazama. "Nyie wapagazi, jamani, simameni hapa mzuie jua! Mnamtolea macho mtoto wa watu?"

Wakasimama. Wanawake waliokuwa wanapara samaki wakaacha visu, wakaja. Mmoja alimshika Kazija mabega asianguke, na Kazija alipogeuka kumtazama, kidogo amwite Maftaha.

Mikono ya Mwahija ikatulia. Macho yakarudi. Akalala, anapumua kama mtoto aliyechoka kucheza.

"Mbona hukusema mapema?" mzee akauliza. "Umeshuka na mtoto anaungua, umekaa kimya kama jiwe la kuoshea miguu."

"Tuliambiwa hapa ni kwa Mreno, babu. Tukajifunza Kireno."

Wanawake wakaangaliana. Mmoja akacheka mpaka magamba yakamwanguka mkononi. "Mreno ni yule pale," akasema. "Na mwingine mmoja, mgonjwa."

"Basi nifundishe wewe," Kazija akamwambia mzee, maana hofu ya mama haiishi kwa siku moja. "Kwa Kireno, mwanangu anaumwa nasemaje?"

"Ya nini? Yule mwenyewe tumbo likimkata usiku, huja jikoni kwangu na kulia kwa Kiswahili." Akakamua kitambaa. "Ila yule wa kwenye kasha, nataka neno lake. Nikilipata, nitamsemea kwa bwana."

Watu wakamgeukia Mfaume. Joho lilikuwa limejaa mchanga. Alitazama bahari, akatazama bunduki, akamtazama mwanawe mchangani. Mwungwana akivuliwa nguo, huchutama.

"Shikamoo," akasema.

"Sijasikia."

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Habari za safari? Za Kilwa? Huko bara tunasikia moshi, ni kweli?"

Na Mfaume, mwanamume mzima, akaanza kulia huku anajibu salamu moja baada ya nyingine, hakuiruka hata moja.

Mzee akaenda kusema na Mreno. Alirudi na bakuli la supu, ile ile ya mzozo, akachuchumaa, akamwinua Mwahija kichwa. Mtoto akafumbua macho. Akaonja. Akakunja uso kama alivyofundishwa.

"Asopa shta fria," akasema, kwa sauti ndogo.

Kazija akatamani ardhi imeze. Mzee, ambaye Kireno alikijua tangu hajaota ndevu, akamtazama yule mtoto.

"Huyu kapona," akasema, akalichukua bakuli, akaenda kuipasha moto.