Mstari wa Wagonjwa

Mama yangu hawezi kuona mmea mgonjwa akanyamaza. Alinitembelea kwenye kituo chetu cha utafiti, nikamwacha shambani nikaitikie simu ofisini. Niliporudi nilimkuta anajifuta jasho kando ya rundo la maharagwe yaliyong'olewa.

"Nimekusaidia," akasema. "Haya yote yalikuwa na kutu. Yangeambukiza mengine."

Ndiyo kazi niliyoyapandia! Ukungu wa kutu ulitakiwa utoke kwenye ule mstari wa wagonjwa alioung'oa, uyavamie maharagwe yangu mapya. Nilikuwa nimepandanisha yale mekundu ya mama, matamu lakini yanaugua upesi, na meusi fulani magumu kama changarawe ambayo kutu haiyawezi. Nilitaka mtoto aliyerithi utamu huku na ukinzani kule, na niliamini nimempata.

Bosi wangu kituoni hakupepesa macho. "Bila ugonjwa hujathibitisha chochote. Msimu ujao hapa tunapanda mahindi."

Nilipomweleza mama, alishika mdomo. "Kumbe unatafuta kutu? Si ungesema, mwanangu! Nyuma ya jiko langu haialikwi, inakuja yenyewe. Mwaka huu sijavuna hata ya mbegu."

Hilo hakuwahi kuniambia, na liliniuma kuliko mahindi ya bosi.

Bosi alikubali shingo upande nijaribu tena kwa mama: atakuja kuangalia mara moja tu, na akikuta kutu kwenye maharagwe yangu, basi. Tulipanda nyuma ya jiko, mstari wangu ubavuni mwa maharagwe mekundu ambayo mama aliyaomba kwa jirani. Mvua ikaja, na kutu ikaja nayo, tena bila haya.

Siku ya siku bosi alipiga magoti matopeni na kitambaa cheupe mkononi. Akafuta jani la mekundu, kitambaa kikawa rangi ya kahawia. Akageuza upande safi, akafuta langu. Cheupe. Akafuta jingine, na jingine, mpaka mwisho wa mstari, kama mtu aliyedondosha pete. Cheupe pepepe!

"Shamba ni lako," akasema. "Mahindi yatafute pengine."

Nilipiga kelele kuku wakatawanyika. Mama peke yake alikuwa bado amesimama, mikono ameifungia nyuma, macho kwenye mstari wa wagonjwa.

"Samahani, bosi," akauliza kwa adabu. "Hawa sasa naruhusiwa kuwagusa?"

"Ng'oa, mama," nikamjibu mimi, machozi yakinitoka. "Ng'oa yote. Mbegu unayo."