Faili la Daraja

Mpima alikuwa ameitembea barabara kuu ya mkoa kwa miguu mara nne, kilomita sitini na nane, chombo chake cha kupimia begani. Alijua ni wapi korongo linakula ukingo. Aliijua kona ambayo malori hukwama kila mvua, ambayo madereva waliibatiza Kona ya Talaka kwa siku walizolala hapo mbali na wake zao. Kwa miaka tisa ofisi ya barabara ilikuwa ikiahidi lami, na kila mwaka likazuka jambo jingine la haraka zaidi. Michoro yake ilikaa kabatini mpaka karatasi zikaanza kugeuka manjano.

Mwaka wa kumi, mdogo wake akahamishiwa ofisi hiyo hiyo. Alikuwa mhandisi wa madaraja, mwepesi wa kucheka, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Hata miezi saba hakuwa ameimaliza alipokwenda kulitazama daraja la chuma la mtoni, akaandika ripoti ya kurasa kumi na mbili akitaka lijengwe jipya.

Kwenye kikao cha Jumatatu meneja akasema, "Makao makuu wanataka tuanze na kazi moja. Itakuwa daraja. Barabara itangoja mwaka ujao."

"Mwaka ujao upi?" mpima aliuliza.

Watu wakacheka, wakadhani anatania. Mdogo wake hakucheka.

Kilichomkera zaidi ni kwamba meneja hakukosea. Nguzo moja ya daraja ilikuwa na ufa wa kuingia kiganja, mpima mwenyewe alishauona. Kama uamuzi ungekuwa wa kipuuzi angeupinga, na roho yake ingetulia. Sasa hakuwa na wa kumlaumu.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Wote wawili walikaa kwa mama yao, na mama alikuwa hachoki kuwasimulia majirani. "Huyu mwanangu anajenga daraja," alikuwa akisema, mkono begani kwa yule mdogo. Kisha akikumbuka: "Na dada yake naye yuko ofisi hiyo hiyo." Mpima alikuwa akiendelea kukunja nguo kana kwamba hajasikia.

Wiki hiyo hiyo faili la daraja likaletwa mezani kwake. Kabla ya kwenda makao makuu, vipimo vya kingo za mto vilitakiwa kuhakikiwa na mpima, naye atie saini. Ilikuwa kazi ya siku moja. Aliifanya siku hiyo hiyo, akakuta kila kitu kiko sawasawa, tena kimepangwa vizuri kuliko alivyozoea kuona. Akalifunga faili bila kutia saini, akaliweka chini ya ramani zake.

"Dada, lile faili limefika wapi?" mdogo wake aliuliza baada ya siku chache, akiwa mlangoni na vikombe viwili vya chai.

"Lipo kwenye foleni. Kuna vipimo vya upande wa pili sijaridhika navyo."

"Nikusaidie kuvirudia?"

"Huniamini?"

"Nakuamini," alisema, akamwekea kikombe kimoja mezani, akaondoka.

Mpima alijiambia atasaini kesho. Kila alipoigusa kalamu alimsikia mama yake akiongea na majirani. Wiki tatu zikapita hivyo, na tarehe ya mwisho ikapita nazo.

Barua ya makao makuu ilikuja fupi. Kwa kuwa nyaraka hazikukamilika kwa wakati, nafasi ya mwaka huo ilikuwa imepewa mkoa mwingine. Hakutakuwa na daraja wala barabara. Alimkuta mdogo wake chumba cha michoro, ameketi sakafuni, mgongo kwenye kabati.

"Ni kosa langu," mdogo alisema. "Ningerudi kupima upande wa pili. Wewe uliniambia."

Mpima angeweza kunyamaza. Hakuna mtu angejua. Lakini uso ule alikuwa ameuosha mara nyingi tangu ukiwa wa mtoto mchanga, akashindwa.

"Vipimo vilikuwa sawa," alisema. "Nilijua tangu siku ya kwanza."

Mdogo wake aliinua uso. "Kwa nini, dada?"

"Nilikuonea wivu."

"Ungeniambia."

"Ungeniachia zamu?"

Mdogo akafikiri. "Hapana," alisema. "Nisingekuachia."

Mpima akaenda kwa meneja mwenyewe, akaeleza yote akiwa amesimama. Alipewa onyo la maandishi, akahamishiwa kituo cha mizani, kupima uzito wa malori. Mama hakuelezwa sababu. Mdogo wake alihamia chumba cha kupanga karibu na ofisi, na kwa karibu mwaka mzima hawakuzungumza zaidi ya salamu.

Daraja lilianza kujengwa mwaka uliofuata, likaisha. Barabara bado. Siku moja dereva wa lori alisimama kwenye mizani, akasema akiwa ameegemea dirisha, "Mtoni sasa tunapita kama tunateleza. Aliyelijenga ana akili."

"Ni mdogo wangu," mpima alisema.

Alishangaa jinsi alivyosema haraka. Kijicho kilikuwepo bado, alikihisi palepale kifuani. Akamwandikia dereva karatasi yake, kisha akatoa simu, akampigia mdogo wake kumweleza maneno ya yule mtu, neno kwa neno, bila kupunguza.