Samaki wa Delmar na Baruti Maradufu

Delmar alitaka kuingia mashindano ya Jumamosi ya kulenga shabaha kwa bastola, kwa risasi atakazotengeneza mwenyewe; hata vichwa vya risasi hizo alivisubu gerejini kwake, huko Idaho, Marekani. Shemeji yake Verna, bingwa wa mwaka uliopita, alimwonya kwamba anayemimina baruti hapigi soga.

Asubuhi hiyo Delmar alimimina baruti kwenye maganda ya risasi huku akisimulia habari za samaki aliyemponyoka mtoni. Alipokwisha kufunga risasi ya mwisho, Verna akauliza, "Shemeji, ulipoinuka kunionyesha urefu wa huyo samaki, ganda lililokuwa mbele yako ulikuwa umeshalijaza?"

Delmar akazitazama risasi zake; hakukumbuka. Baruti ile huwaka upesi na kipimo chake ni kidogo mno, hivyo ganda hupokea vipimo viwili bila kumwagika, na risasi ya namna hiyo hupasua bastola.

"Tuzipime kwenye mizani basi," akasema Delmar.

"Vichwa vya kusubu mwenyewe? Kila kimoja kina uzito wake, mizani itatudanganya! Fungua zote."

Akazifungua zote kwa nyundo maalumu ya kung'olea vichwa vya risasi, huku Verna akicheka. Karibu na mwisho, ganda moja likamwaga baruti maradufu.

"Ningeipasua bastola ya baba," Delmar akanong'ona.

"Pamoja na vidole vyako, shemeji. Haya, anza upya."

Akaanza upya. Verna akamchokoza, "Eti yule samaki alikuwa mkubwa kiasi gani?"

Delmar hakujibu neno mpaka alipofunga risasi ya mwisho. Ndipo akatanua mikono.

"Mbona amekua tangu asubuhi?" akauliza Verna.