Kiraka cha Fundi Paka

Kwenye chumba cha upasuaji walimwita Mama Usafi, na si kwa kupiga deki. Daktari huyu akishafungua sikio bovu alikuwa hatoki humo mpaka aondoe punje ya mwisho ya maradhi. Wenzake walimsifu kwa hilo, naye sifa alizipenda, tusimsingizie utakatifu.

Mgonjwa wake safari hii alikuwa fundi wa paa. Mafundi wenzake walimpa jina la Paka kwa sababu alitembea juu ya kenchi mikono mfukoni, akipiga mluzi, kama mtu anayekatiza sebuleni kwake. Sikio lake la kushoto lilikuwa likitoa usaha tangu utotoni, na dawa yake ilikuwa pamba na matone ya kuazima. Mkewe alimsema mbele ya daktari kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na Paka akacheka kuliko wote. Kicheko kilimkatika daktari alipobonyeza kidogo kile kinyama cha mlangoni mwa sikio. Macho yalianza kumcheza yenyewe, akaishika meza kwa mikono miwili, maana chumba kizima kilikuwa kinazunguka.

Daktari aliijua maana yake na hakuipenda. Ndani ya sikio kulikuwa kumeota ngozi mahali pasipo pake, nayo ilikuwa imekula mfupa mpaka ikautoboa mrija wa mizani, ule unaomwezesha mtu kusimama bila kuyumba. Mrija huo una maji, na sehemu inayosikia inaishi kwa maji hayohayo. Yakivuja, usikivu na mizani huondoka pamoja. Aliwaeleza mume na mke bila kuficha. Paka aliuliza jambo moja tu.

"Nikitoka hapa, nitapanda tena?"

"Nikikilinda hicho kitobo, utapanda," daktari alimjibu. "Maradhi mengine yote nitayatoa, ila pale juu ya kitobo nitakuachia kipande kidogo cha ngozi kiwe kiraka. Mwakani unarudi, tunafungua tena, tunakagua."

"Kiraka nakijua mimi," Paka alisema. "Paa lenye kiraka kizuri halivuji."

Alipokuwa akitoka alitania kwamba yeye na hospitali hawaivi, mwakani labda wamlete amebebwa. Wote walicheka isipokuwa daktari.

Siku ya upasuaji mambo yalianza vizuri, vizuri mno. Kabla ya kuwasha drili alikitenganisha kwanza kile kimfupa kidogo kinachopeleka sauti ndani, ili mtikisiko wa chuma usiende kuliua sikio analolitibu. Alichimba polepole, maji yakitiririka kuupoza mfupa. Msaidizi wake alishika mrija wa kufyonza, naye alikwishaonywa asiupitishe karibu na kitobo. Chini ya darubini maradhi yalitoka pande kwa pande, meupe, yakinuka hata kupita barakoa, mpaka kikabaki kile kiraka peke yake.

Hapo ndipo alipotakiwa kuweka vifaa chini. Hakuviweka.

Alikuwa amemkumbuka mgonjwa wake wa zamani, mwalimu mmoja, ambaye yeye daktari alimwachia kiraka kama hicho. Mwalimu hakurudi kukaguliwa, maradhi yakaota upya, yakapanda hadi kwenye ubongo, akazikwa. Huyu Paka naye ameshasema kwa mdomo wake kwamba harudi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, daktari alijiambia, na sauti iliyomwambia ilikuwa tamu na yenye busara. Ukingo wa kiraka ulikuwa umeinuka kidogo. Aliugusa, ukakubali. Akavuta. Robo tatu ya kipande ilitoka kama ganda la kitunguu, kisha ikashika mahali, naye akavuta tena.

Likatoka tone moja la maji, maangavu, halina damu hata chembe.

Aliziba palepale kwa utando wa nyama aliokuwa ameuweka tayari, mkono ukiwa umetulia kuliko moyo. Msaidizi aliona. Mama Usafi hakuwahi kuacha sikio safi kama lile.

Jioni alikwenda wodini na uma wa chuma wa kupimia. Uma ule hugongwa, ukaanza kuvuma, kisha shina lake hukalishwa katikati ya paji la uso. Sikio lililofungwa bendeji likiwa bado hai ndani, mvumo huvutwa upande wake. Likiwa limekufa, mvumo hukimbilia upande wa sikio zima. Njiani daktari alimwomba Mungu upande wa kushoto, akiogopa waziwazi kama mtoto anayesubiri kiboko.

Paka alikuwa amefumbua macho, mkewe kando yake. Daktari aligonga uma gotini, akauweka.

"Unasikia upande gani?"

Paka alitulia, akatabasamu, akainua mkono wa kulia na kuligusa sikio lake zima. "Huku. Tena vizuri kabisa."

Mkewe alimshukuru Mungu, kisha akamshukuru daktari, akimshika mkono na kuubusu. Daktari aliurudisha uma pale pajini, na kidole cha Paka hakikuhama sikio la kulia. Macho ya Paka sasa yalikuwa yanaruka kuelekea kulia, tena na tena.

"Usiinuke," daktari alisema.

Lakini Paka alikwishashusha miguu, amwonyeshe mkewe jinsi alivyo mzima. Aliitafuta sakafu akaikosa. Walimdaka wawili, wakamrudisha kitandani akitapika, kucha zake zimezama kwenye godoro. Mkewe alisema ni dawa ya usingizi tu hiyo, itaisha, sivyo daktari? Daktari alimshikia Paka beseni.

Paka alifumba macho ili dunia itulie. Haikutulia.

"Daktari," alisema polepole. "Kile kiraka ulikiacha?"

"Nilikitoa," daktari alimwambia.